Sindano Iliyovunjika Mbele ya Mbogo

Bunduki nyingi zilizopita mikononi mwangu mjini Tanga miaka ya hamsini zilikuwa na umri kunizidi. Baadhi ziliachwa na Mjerumani aliposhindwa vita vya kwanza, nyingine zililetwa na Mwingereza. Zilipigana, zikalala ghalani miaka mingi, kisha zikatolewa tena na kugawiwa askari wa mashamba. Hao askari walikuwa watu wa kawaida wa vijijini, wakulima wenyewe, waliopewa kofia, kaptula ya kaki na bunduki moja ili nguruwe, nyani na mbogo wasimalize mahindi na mihogo ya watu. Bunduki ikiharibika ililetwa kwetu.

Kwetu palikuwa karakana ndogo ya serikali, si mbali kwa baiskeli kutoka Ngamiani nilikopanga. Tulikuwa wawili. Fundi mkuu alikuwa Singasinga, mtu mzima aliyezaliwa papo hapo Tanga, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani kuliko cha wengi waliotoka bara. Mimi nilijifunza kazi ya silaha jeshini, wakati wa vita vya Burma. Mke wangu alikuwa akishona nguo barazani, na majirani walizoea kusema kwamba katika nyumba yetu mume na mke wote wanakula kwa sindano.

Walikuwa na maana yao. Ndani ya komeo la bunduki, kile chuma unachovuta nyuma na kusukuma mbele ili kuingiza risasi, mna kijiti cha chuma chenye ncha butu. Ukibana kifyatuo, springi hukirusha kijiti mbele, ncha ikachungulia kwenye tundu na kugonga kitako cha risasi, penye fataki. Fataki ikilipuka, baruti huwaka. Kijiti hicho tulikiita sindano. Kikivunjika, aliyeshika bunduki ameshika rungu.

Na zilikuwa zikivunjika. Haupiti mwezi bila mtu kusimama mlangoni na kusema, "Fundi, hii imekufa sindano." Sikuwa namwamini mtu kwa neno hilo kabla sijaiona risasi iliyokataa. Risasi iliyokataa husema zaidi ya mwenye nayo. Ukikuta fataki yake imebonyea vizuri, katikati, basi sindano ni nzima na ubovu uko kwenye risasi, pengine iliingia unyevu. Ukikuta kibonyeo kidogo, kama cha ukucha, hapo kuna la kutafuta: springi imechoka, au uchafu umejaa, au sindano imekatika.

Nakumbuka askari mmoja wa milimani Usambara aliyeleta bunduki yenye tabia ya ajabu. Mchana inalia, alfajiri inakataa. Kwao walishaanza kusema kuna mtu kaifunga kwa dawa. Nilipolifungua komeo nilikuta limejaa mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi kwetu pwani ni maji, lakini kwao kukipoa huganda yakawa kama mshumaa, na sindano ilikuwa ikijikokota ndani yake. Nikaiosha kwa mafuta ya taa, nikampa chupa ya mafuta ya cherehani, nikamwambia yale ya nazi ampelekee mkewe jikoni. Hakurudi tena.

Si wote walioondoka hivyo.

Mwaka mmoja, mahindi yakiwa yameanza kubeba, alikuja mtu kutoka kijiji kimoja upande wa Pangani. Umri wake ulikuwa kama wangu, thelathini na kitu. Alikuwa na barua ya jumbe na bunduki ya Kijerumani aliyoizungushia gunia. Alinisalimu, akaiweka mezani, akakaa. Nikamuuliza ina nini.

"Haina neno, itatengenezwa," alisema. "Nilichokuja nacho ni swali. Nataka uniambie kama nilifyatua."

Nikamwambia hilo ni jambo la kuniambia yeye.

"Nilikuwa nalisema," alijibu. "Lakini nimeambiwa sikufyatua na watu wengi, siku nyingi, mpaka sasa nikikaa peke yangu sijui. Nakumbuka mkono. Sikumbuki kidole."

Fundi mkuu aliyekuwa kwenye jiwe la kunolea akazima mtambo, akaja kukaa karibu. Mtu yule akatusimulia.

Mbogo alikuwa akiingia mihogoni usiku baada ya usiku. Asubuhi moja alimkuta bado yumo, akampiga bega. Yule mnyama hakuanguka, akazama kichakani. Mbogo aliyejeruhiwa haachwi, maana atakayepita baadaye kwenda kuokota kuni ndiye atakayelipa. Kwa hiyo akamfuata, pamoja na shemeji yake, kaka wa mkewe, aliyekijua kichaka kile na kubeba panga. Walifuata alama za damu. Mnyama hakuwa mbele. Alikuwa amezunguka kama wafanyavyo wenzake, akatokea ubavuni.

"Nikamlenga," alisema. "Sikusikia mlio. Nikavuta komeo, nikaingiza nyingine, sikusikia. Nikavuta tena, na tena. Shemeji alikuwa ameshanyanyuliwa."

Pembe iliingia pajani. Mbogo akapita, akaenda kufa chini ya mkorosho, kwa ile risasi ya kwanza. Majeruhi alibebwa kwa machela mpaka barabarani, akaletwa hospitali ya mjini kwa lori la mkonge. Aliishi, ila mguu ulikauka ukawa haukunjiki. Waliofika pale kichakani waliokota chini risasi tatu nzima, hazikulipuka. Basi wakasema askari wetu aliingiwa na hofu akawa anazitema risasi kama mtu anayetapika, hata kufyatua akasahau. Mkewe akarudi kwa baba yake, kwenda kumuuguza kaka yake. Hakusema amemwacha. Hakusema atarudi.

Nikalitoa komeo, nikalifungua. Sindano ilitoka vipande viwili, imekatika shingoni, pale inapopungua unene kuelekea ncha. Nikavifuta, nikavipeleka mlangoni penye mwanga, nikashika lenzi. Chuma kilichovunjika kwa pigo moja huwa na uso mweupe wenye chembechembe kama sukari. Hapa nusu ya uso ilikuwa hivyo. Nusu ya pili ilikuwa nyeusi, imekunywa mafuta, ina kutu kidogo pembeni. Nikampa fundi mkuu. Akatazama, akanirudishia; maana yake tuliijua wote wawili. Mahali pale palikuwa na ufa muda mrefu. Kilichokuwa kikishikilia ni ile nusu nyeupe.

"Imevunjika," nikamwambia yule askari. "Lakini hiki chuma hakiniambii kilivunjika lini. Huenda kilikatika palepale ulipompiga mara ya kwanza, na ukawa hukufyatua tena. Ziko wapi zile risasi tatu?"

"Kwa baba mkwe. Anazionyesha wageni."

Nikamuuliza jambo jingine. Je, anapokuwa nyumbani, huwa anafyatua bunduki tupu?

Akaniangalia kama niliyemuuliza kama anaswali. "Kila siku. Tuliambiwa mafunzoni tujizoeze tusije tukapoteza mkono. Kila jioni naweka kifuu juu ya ua, nalenga, nafyatua. Katika kundi letu hakuna aliyekuwa na mkono mwepesi kama wangu."

Nikamweleza. Risasi ikiwemo, fataki yake ni ya shaba laini, inaipokea sindano kama godoro linavyompokea mtu. Ikiwa tupu, sindano haina wa kuipokea. Hujigonga bega kwenye ukuta wa komeo, na mshtuko wote unakwenda shingoni. Sindano changa inaweza kuvumilia. Ya bunduki iliyopigana vita kabla hatujazaliwa, iliyokaa kwenye hewa ya chumvi, inafanya ufa mdogo kama unywele, na kila jioni ufa unasogea.

 Akauliza, sauti ikiwa ileile, "Kwa hiyo waliojizoeza kidogo, zao ni nzima?"

"Huenda."

Akatazama mikono yake.  Kisha akaniomba nifuatane naye mpaka kwa wakwe zake nikaseme nilichokiona. Nikamwambia nitasema chote, si kile cha kumfaa tu. Akasema ndiyo, chote. Fundi mkuu akaniambia nichukue lenzi na vile vipande, niende.

Tulipanda lori la mkonge mpaka njia panda, tukamalizia kwa miguu. Baba mkwe alikuwa mzee mrefu, mkimya, mwenye minazi yake na heshima yake. Alitupokea barazani. Mkwewe alimpa shikamoo akiwa amesimama chini, hakupanda mpaka alipoitikiwa, na marahaba ilichelewa. Mgonjwa alikuwa amelazwa mle mle barazani, juu ya kitanda cha kamba, mguu umenyooka mbele yake kama ubao. Mke wa askari hakutokea, lakini nyuma ya pazia la mlango niliona miguu ya mtu.

Tukaletewa maji, tukaulizana habari. Kisha nikasema mimi ni fundi wa bunduki, na kwamba ningependa kuziona zile risasi kama mzee ataniruhusu.

Akaenda ndani mwenyewe, akarudi na kopo la majani ya chai, akazimimina kwenye sinia. Niliichukua ya kwanza na kuitazama kwa lenzi. Kwenye fataki palikuwa na kibonyeo kidogo, katikati kabisa, chenye kina pungufu kidogo ya kinachotosha. Ya pili ilikuwa na alama hafifu, kama ya kuguswa na ncha ya kalamu. Ya tatu nayo ilikuwa nayo, ila mpaka uigeuzegeuze kwenye mwanga.

Nilimpa mzee lenzi. Nikamweleza taratibu, kwa sababu niliona ni mtu asiyependa kuharakishwa. Risasi ambayo haikufyatuliwa, iliyoingizwa na kutolewa tu, uso wake unabaki laini. Hizi zote zimegongwa. Ya kwanza iligongwa na sindano wakati ule ule inakatika, ikakosa nguvu. Mbili zilizofuata ziliguswa na kipande kilichokatika, kinachosukumwa tu na kipande cha nyuma. Mkweo alibana kifyatuo mara zote tatu.

Mzee alizitazama moja moja. Alizitazama muda mrefu kuliko nilivyozitazama mimi.

"Ziliokotwa wapi?" nikamuuliza.

"Pamoja," akasema. "Ungeweza kuzifunika kwa kofia."

"Basi alikuwa amesimama mahali pamoja akizitoa. Mtu anayekimbia huziacha njiani."

Mgonjwa alikuwa ameinuka kwa kiwiko. "Nipe na mimi nione," alisema. Akapewa. Akaweka jicho kwenye lenzi, akazigeuza, akazirudisha kwenye sinia. "Nilidhani nimeachwa," akasema. Hakuwa akisema na mtu fulani. "Toka siku ile, kinachoniuma ni hicho. Mguu unauma usiku tu."

Hapo ningeweza kunyamaza, nasi tungekula chakula chetu na kuondoka. Lakini nilikuwa nimeahidi kusema chote, na mzee mwenyewe ndiye aliyeniuliza, "Na hiyo sindano, kwa nini ikatike siku hiyo?"

Nikavitoa vipande viwili, nikamwonyesha upande mweupe na upande mweusi. Nikamwambia kuhusu ufa, na kuhusu kufyatua bunduki tupu, na kwamba hivyo ndivyo askari wote walivyofundishwa. Mkwewe hakusubiri nimalize.

"Nilikuwa nafanya hivyo kila jioni, baba," akasema. "Zaidi ya wenzangu wote."

Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya pazia, si kubwa. "Nilikuwa nikimwambia anaichosha. Akaniambia chuma hakichoki."

 Mzee akavirudisha vipande mkononi mwangu, akavifunga vidole vyangu juu yake kama anayenikabidhi amana. Akamgeukia mkwewe. "Hukukimbia," akasema. "Mengine ni ujinga, na ujinga haukuwa wako peke yako. Nimekusema kwa watu jambo lisilokuwapo. Ijumaa nitalifuta mbele ya watu wale wale." Kisha akaagiza chakula kiletwe, wali na samaki wa kupaka, tukala sinia moja, mgonjwa akisogezewa lake kitandani.

Mke hakurudi na mumewe siku ile, wala mumewe hakuliomba hilo. Mzee alitimiza ahadi yake baada ya sala ya Ijumaa, hilo nililisikia kwa dereva wa lori. Na baada ya mavuno, mgonjwa alipoanza kutembea kwa fimbo, yeye ndiye aliyemwambia dada yake, "Nenda kwako. Mguu wangu hauhitaji watu wawili kuutazama."

Mjini mimi na fundi mkuu tulikuwa na kazi. Sindano ya bunduki moja imekatika shingo kwa sababu ya zoezi ambalo askari wote wa wilaya walikuwa wakilifanya. Fundi mkuu aliandika kwa afisa wa wilaya kuomba bunduki zote ziletwe kwa zamu. Afisa aliuliza kwa nini zisingojwe ziharibike kama kawaida. Fundi mkuu akamtumia vile vipande ndani ya bahasha. Zamu ikaanza wiki ile ile.

Ufa wa unywele hauonekani kwa macho, hata kwa lenzi mara nyingi. Fundi mkuu alijua njia aliyoikuta kwenye reli, mafundi wakipima ekseli za mabehewa. Unailaza sindano kwenye mafuta ya taa usiku kucha. Asubuhi unaifuta mpaka ikauke kabisa, kisha unaipaka chokaa laini iliyochanganywa na spiriti, unaiacha juani. Kama ni nzima inabaki nyeupe kama ilivyopakwa. Kama ina ufa, mafuta yaliyojificha ndani hutoka polepole na kuchora mstari mweusi juu ya chokaa. Siku ya kwanza tulipozipanga dirishani, tukazirudia baada ya chai, kadhaa zilikuwa zimejichora pete shingoni. Fundi mkuu alizitazama, akavua miwani yake, akaifuta, akazitazama tena. "Hizi zote zilikuwa zinakwenda porini," akasema.

Sindano mpya tulizichonga wenyewe. Hapo napo palikuwa na mtego. Ukikipasha chuma moto na kukizamisha majini kinakuwa kigumu, lakini ugumu ule ni wa kioo, mapigo mawili matatu kinapasuka. Lazima ukirudishe motoni tena, taratibu, ukiangalia rangi ikipanda kutoka manjano ya majani makavu mpaka buluu, kisha ukiache kipoe. Kikifika buluu kinakubali kupinda kidogo kabla ya kuvunjika. Nilijifunza kuzipasha asubuhi mapema mlango ukiwa nusu umefungwa, kwa sababu jua la Tanga likishaingia ndani huwezi kuitofautisha rangi.

Urefu wa ncha tuliupima kwa kipande cha bati tulichokikata mapengo mawili. Ncha ikipita pengo dogo ni fupi, haitalipua. Isipopita kubwa ni ndefu, itatoboa fataki na moshi wa moto utarudi usoni kwa mpigaji.

La zoezi lilitusumbua zaidi. Huwezi kumwambia mtu anayekwenda kumkabili mbogo asijizoeze. Basi tukachukua maganda ya risasi zilizokwisha tumika, tukayasafisha, tukayaziba mdomo kwa kijiti cha mti chenye umbo la risasi, kilichopakwa rangi nyekundu. Mahali pa fataki tukajaza ngozi. Tulijaribu mpira wa tairi, ukawa unairusha ncha nyuma. Ngozi ya ng'ombe ya kushonea viatu ilifaa, ila ilibidi ibadilishwe ikishachimbika. Kila askari alipewa risasi yake ya ngozi na maneno machache: bila hii ndani, kifyatuo hakiguswi.

Wengine walizipoteza. Mmoja alimpa mtoto achezee. Lakini sindano za kuletwa zikapungua, mpaka ikawa mtu akisimama mlangoni na kusema sindano imekufa, tunaacha kazi kumsikiliza.

Yule askari wa upande wa Pangani hakuacha kazi. Alikuwa akija kila ilipofika zamu ya bunduki yake, na kabla ya zamu pia, akipata lori. Aliketi pale pale, akalifungua komeo mwenyewe kwa mikono iliyokuwa kweli myepesi, akaniuliza kama anaweza kuipaka chokaa yeye. Nilimwachia. Alikuwa akiisubiri ikauke juani bila kuondoka, hata kahawa akanywea hapo hapo.

Mara moja nilimuuliza habari za shemeji yake.

"Hajambo. Ananitembelea, tunakula pamoja. Amefungua kiduka cha mafuta ya taa na chumvi." Akaigeuza sindano kwenye mwanga. "Ila shambani hafuatani nami. Ameniambia, shemeji, nimekusamehe kwa moyo wangu wote, lakini kichakani nitakwenda na mbwa."

"Nawe ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ana haki," akasema. Sindano ilikuwa imekauka, nyeupe kote, haina mstari. Akaifuta kwa kitambaa, akaipaka mafuta ya cherehani, akairudisha ndani ya komeo. Akanishukuru, akatoka kwenda kutafuta lori la kurudi.